Wasomaji Wauliza: Maji na Ardhi ya Mgodi wa Wazi

Tangu makaa ya mawe ya Mbinga yaanze kupakiwa melini kwa wingi katika bandari ya Mtwara mwishoni mwa mwaka 2021, barua nyingi zinazoifikia safu hii kutoka mikoa ya Kusini zimekuwa zikiuliza juu ya malori, vumbi na barabara. Mwezi huu tumechagua zile zinazouliza jambo lisiloonekana kutoka barabarani, yaani maji ya mgodi wa wazi yanapelekwa wapi, na ardhi iliyochimbwa inarudishwaje katika hali ya kufaa. Anayejibu ni mhandisi wetu wa migodi.

Shikamoo mhandisi. Nimemaliza mafunzo ya ufundi wa mitambo na nimepata kazi ya kuhudumia pampu katika mgodi wa wazi wa makaa ya mawe mkoani Ruvuma. Wenzangu wananiambia kwamba wakati wa masika shimo hujaa maji hadi uchimbaji unasimama. Kwa nini mgodi usinunue tu pampu kubwa zaidi? – Msomaji, Masasi

Marahaba, kijana wangu, na hongera kwa kazi. Anayetegemea pampu peke yake amechagua njia ya gharama kuliko zote, kwa kuwa kila lita iliyokwisha kuingia shimoni inabidi inunuliwe dizeli ya kuitoa, ilhali lita iliyozuiwa juu ya shimo imegharimu mtaro tu.

Tupige hesabu ndogo. Mvua ya milimita 60 ikinyesha usiku mmoja juu ya shimo la hekta 20 huleta mita za ujazo 12,000 za maji. Pampu yenye uwezo wa kutoa mita za ujazo 200 kwa saa, ikifanya kazi bila kuzimwa na bila kuziba, itahitaji saa 60 kuyamaliza. Sasa chukua mteremko wa hekta 80 unaolitazama shimo hilo kutoka juu, useme kwamba nusu tu ya mvua yake imetiririka na nusu nyingine imenywewa na ardhi: hizo ni mita za ujazo 24,000 nyingine, na pampu yako imeongezewa siku tano za kazi kwa maji ambayo hayakuwa na sababu yoyote ya kuingia mgodini.

Ndiyo maana kabla ya kifusi cha kwanza, yaani udongo na mawe yanayoyafunika makaa, kuondolewa, mgodi wenye mpango huchimba mtaro wa kukinga maji juu ya shimo, wenye mwinamo mdogo unaofuata umbo la kilima, na kuyapeleka maji ya mteremko kwenye korongo la asili yakiwa bado safi. Mtaro huo huharibiwa na mambo mawili: mwinamo mkali, ambao huugeuza mtaro wenyewe kuwa korongo, na tope linaloujaza pole pole hadi maji yanaruka ukingo wake. Mahali ambapo lazima ushuke kwa kasi hupangwa mawe makubwa, na baada ya kila mvua kubwa mtu huutembea urefu wake wote akiwa na koleo. Kazi hiyo haina jina kubwa mgodini, kwa hiyo hupewa yeyote aliye karibu. Mimi ningempa fundi ninayemwamini kuliko wote. Upana wa mtaro nao usipimwe kwa mvua ya kawaida. Mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024 ziliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga, wakati ambapo watu wengi walikwisha kuhesabu kwamba msimu umepita.

Maji yanayoanguka ndani ya shimo lenyewe hayakwepeki, na hapo ndipo kazi yako inapoanza. Sakafu ya shimo hupewa mwinamo kuelekea mahali palipo chini kabisa, ambapo huchimbwa kisima cha kukusanyia maji ambacho mafundi hukiita sampu. Sampu iwe mbali na mguu wa ukuta na mbali na njia ya malori, na ichimbwe kiangazi, kwa sababu huku kwetu tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, na anayechelewa hana kiangazi kingine katikati cha kujirekebisha. Mdomo wa bomba la kunyonyea usilale chini. Ufungwe kwenye maboya uelee, la sivyo utanyonya tope na kuila pampu kutoka ndani.

Maji ya sampu hayamwagwi mtoni moja kwa moja, bali hupelekwa kwenye bwawa la kutuliza tope. Ukitaka kuelewa kwa nini mabwawa mengi hushindwa, chukua chupa angavu ya maji ya kunywa, ijaze maji ya sampu, itikise, kisha iweke mezani. Mchanga utakuwa umekaa chini kabla hujamaliza kufuta mikono. Chembe laini zaidi zitachukua dakika kadhaa hata saa. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuwa bado unaelea kesho yake asubuhi, na huo ndio unaoyafanya maji ya mto yawe na rangi ya chai ya maziwa maili kadhaa chini ya mgodi. Wengi hudhani dawa ni kuongeza kina cha bwawa, kumbe kinachosaidia ni kuongeza eneo lake, ili maji yapite taratibu na chembe zipate muda wa kushuka. Eneo likikosekana, huongezwa dawa ya kugandisha tope, na hata shabu ambayo mama zetu husafishia maji ya visima hufanya kazi hiyo hiyo.

Nimalizie na maji yasiyoonekana, maana hayo ndiyo yanayoua. Maji yaliyomo ndani ya ukuta wa shimo huusukuma ukuta kuelekea ulipo wewe. Ufa ukitokea nyuma ya ukingo na ukajaa maji hadi kina cha mita 10, msukumo kwenye kitako cha ufa huo ni kama tani 10 kwa kila mita moja ya mraba. Wahandisi huchoma mashimo membamba yanayoinamia nje kidogo ili ukuta ujikamue wenyewe, na pengine huchimba visima vya kuteremsha maji ya ardhini mapema. Wewe fundi wa pampu, unayeshuka shimoni alfajiri kabla ya wengine, ukiona ufa mpya juu ya ukingo, au chemchemi mpya kwenye ukuta ambao jana ulikuwa mkavu, usishuke. Toa taarifa kwanza, pampu itasubiri.

Ndugu mhariri, nimesikia kwamba maji ya migodi ya makaa ya mawe huwa na rangi ya chungwa na huua samaki. Je, maji hayo yatafika Mto Ruvuma na kutushukia sisi wa Mtwara? Na lundo la makaa linalosubiri meli je? – Msomaji, Mikindani

Kwa eneo la Ngaka huko Mbinga, dada yangu, yanakochimbwa makaa mengi yanayopita Masasi kuja bandarini, jibu ni hapana. Maji ya huko huteremkia Mto Ruhuhu, na Ruhuhu humwaga katika Ziwa Nyasa, kwa hiyo wenye haki ya kwanza ya kuuliza swali lako ni wavuvi wa ziwa hilo.

Hofu yenyewe, hata hivyo, ina msingi. Katika matabaka mengi ya makaa ya mawe, na katika miamba inayoyafunika, kuna pairiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kwa rangi ya dhahabu. Ikiwa imefukiwa chini haina madhara. Ikifukuliwa na kukutana na hewa na maji kwa pamoja, hutoa tindikali ya salfa pamoja na chuma kilichoyeyuka, na vijidudu vya asili huharakisha jambo hilo mara nyingi. Watu husubiri kuona rangi ya chungwa ndipo washtuke, lakini maji yenye tindikali kali yanaweza kutoka mgodini yakiwa maangavu kabisa. Rangi hujitokeza chini zaidi, tindikali inapopungua na chuma kinapopata hewa na kuganda juu ya mawe ya kijito. Kwa hiyo kipimo cha tindikali kifanyike pale maji yanapotoka, kisisubiri yabadilike rangi.

Si kila mgodi wa makaa una tatizo hili. Inategemea wingi wa salfa, na inategemea pia kama miamba ya jirani ina chokaa ya kuipooza tindikali. Jambo hilo hupimwa kwa sampuli za miamba kabla ya kuchimba, na mgodi usioweza kuonyesha vipimo hivyo haujui unachokifukua. Miamba ikionekana kuwa mibaya, hutengwa na kufukiwa mahali ambapo ama iko chini ya maji daima, ama haiguswi na maji kabisa, ikiwa imefunikwa kwa mfinyanzi ulioshindiliwa. Kinachozidisha ubaya ni kulowa na kukauka kwa zamu, na hapo majira yetu hayatusaidii: katika miezi mikavu chumvi za tindikali hujijenga juu ya mawe, na mvua za kwanza huziosha zote kwa pamoja. Anayepima maji Machi peke yake atapata majibu ya kupendeza. Apime mvua ya kwanza ya mwaka.

Mawe ya chokaa, ambayo pwani ya Lindi na Mtwara imejaliwa, ndiyo tiba ya zamani na ya bei nafuu ya maji ya aina hii. Yana kasoro moja: maji yenye chuma yakipita juu yake mahali penye hewa, chuma huganda na kuyavika ganda gumu, na jiwe linabaki pale bila kufanya kazi. Ndiyo sababu mahali pengine mawe hufukiwa kwenye handaki lililozibwa juu kwa mfinyanzi, maji yapite yakiwa hayajapata hewa, kisha ndipo yamwagike kwenye bwawa lenye matete ambako chuma huganda kwa raha zake.

Kuhusu lundo la makaa, tishio kubwa ni vumbi na maji meusi ya mvua yanayobeba chembe laini. Sakafu ya yadi ishindiliwe na ipewe mwinamo, izungukwe na mtaro, na mtaro uishie kwenye bwawa dogo kabla ya bahari. Lundo lenyewe lishindiliwe pia, maana makaa yaliyolegea na kupitiwa na hewa yanaweza kujiwasha yenyewe kutoka ndani.

Mhandisi, mimi ni mkulima wa mikorosho. Karibu na kijiji chetu panatarajiwa kuchimbwa madini ya kinywe (grafiti) kwa shimo la wazi, na tunaambiwa kwamba baada ya kuchimba ardhi itarudishwa kama ilivyokuwa, jinsi migodi ya makaa inavyofanya ng'ambo. Jambo hili linawezekana kweli? – Msomaji, Ruangwa

Shikamoo mzee. Kurudishwa kama ilivyokuwa, hapana. Kurudishwa ikafaa kwa kilimo au malisho, inawezekana, ila kwa sharti kwamba kazi ianze siku ya kwanza ya kuchimba, kwa sababu ardhi inayorudishwa hutokana na udongo uliotunzwa, na udongo usiotunzwa siku hiyo haupatikani tena.

Migodi ya makaa ina nafuu ambayo mgodi wa kinywe huenda usiwe nayo. Makaa hulala kama tabaka pana, kwa hiyo huchimbwa mkanda baada ya mkanda, na kifusi cha mkanda mpya hujaza ule uliokwisha kuchimbwa. Ardhi huanza kurudishwa nyuma huku mbele bado inachimbwa. Tena mwamba ukivunjwa huvimba, mara nyingi kwa asilimia 20 hadi 30, hata baada ya makaa kuondolewa shimo linaweza kujaa karibu lote. Shimo la kinywe aghalabu hushuka chini mahali pamoja, kwa hiyo kifusi hukaa nje kwa miaka mingi. Waulizeni wataalamu wao waziwazi ni sehemu gani ya shimo itakayojazwa na ni ipi itakayobaki shimo.

Kwanza udongo wa juu, ule wa sentimita 15 hadi 30 wenye mizizi, mbegu na uhai, hukwanguliwa peke yake. Usichanganywe na kifusi. Ukirundikwa, lundo liwe fupi, mita 2 hivi, lioteshwe nyasi, na lisikae miaka, maana ndani ya lundo refu udongo hukosa hewa na kufa. Bora kuliko hilo ni kuuchukua na kuumwaga moja kwa moja mahali palipokwisha kusawazishwa. Kazi hii ifanyike udongo ukiwa mkavu, kati ya Juni na Oktoba.

Pili kifusi. Kikimwagwa na malori husimama kwa nyuzi 35 hivi, na katika mwinamo huo udongo wa juu hautakaa hata masika moja. Matingatinga hukilaza hadi kushuka kwake kusizidi mita moja kwa kila mita tatu za mlalo, na kwa shamba iwe tambarare zaidi. Mahali pa kukiweka ni pa muhimu kuliko umbo lake. Tarehe 21 Oktoba 1966 huko Aberfan, Wales, kilima cha kifusi cha mgodi wa makaa kilichorundikwa juu ya chemchemi kililowa, kikaporomoka na kuifunika shule ya msingi. Watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto. Ninyi mnazijua chemchemi na mabonde ya kijiji chenu, hata yale yanayotoa maji masika tu. Yaonyesheni yote kwenye ramani kabla mtu mwingine hajachagua mahali.

Tatu ni kushindiliwa, jambo ambalo mikorosho haisamehe. Mashine nzito huipiga ardhi ikawa ngumu chini ya udongo mzuri, maji ya mvua yakatuama juu yake na mizizi ikashindwa kupita. Wazee wa Nachingwea hawahitaji kuambiwa, kwani mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947 hadi 1951, ambao ndio uliotuzalia bandari ya kina kirefu ya Mtwara, ulileta mitambo mikubwa juu ya udongo ambao haukuujua vyema. Dawa ni kuchana ardhi kwa meno marefu ya tingatinga, kwa kukatiza mteremko, ikiwa kavu, kabla na baada ya kurudisha udongo wa juu. Miaka miwili ya mwanzo pandeni nyasi pamoja na mbaazi na kunde, ambazo huongeza naitrojeni, na mbaazi kwa mizizi yake mirefu humalizia kazi ambayo meno ya tingatinga hayakuifikia. Mikorosho ifuate baadaye.

Kama unataka mfano wa karibu, uko Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji yaliachwa yakiwa mwamba mtupu wenye maji ya chumvi, na kuanzia mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alijaribu aina 26 za miti, zikabaki tatu, mojawapo ikiwa ni mvinje. Majani ya mvinje yalianguka yasioze, hadi yalipoletwa majongoo mekundu kuyala na kuyageuza mboji. Leo pale pana msitu na mabwawa ya samaki. Lakini imechukua miongo, na hapakuwa shamba la mtu kabla yake.

Katika eneo letu kuna mashimo ya jasi yaliyoachwa na kujaa maji. Watoto wanaogelea humo na watu wengine wanayatumia maji hayo. Tunaweza kufuga samaki? – Msomaji, Kilwa

Samaki ndiyo, perege huvumilia maji magumu. Kunywa hapana: jasi huyeyuka kiasi cha gramu 2 kwa lita, maji huwa machungu, sabuni haitoi povu na tumbo huharisha. Kuogelea ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kuta za mashimo hayo husimama wima ndani ya maji na mtoto aliyechoka hana pa kushika, na maji yaliyotuama katika pwani yetu huweza kuwa na konokono wa kichocho. Tingatinga la siku chache linaweza kubomoa upande mmoja na kufanya ufuko wa mteremko mdogo. Wajerumani, ambao wamegeuza mashimo mengi ya makaa kuwa maziwa ya kupumzikia, bado wanajifunza kuziheshimu kingo hizo: huko Nachterstedt, Julai 2009, ukingo wa ziwa la aina hiyo uliporomoka na nyumba, na watu 3 wakapotea.

Mgodi ukifilisika kabla ya kurudisha ardhi, nani atalipa? Na sisi serikali ya kijiji tufuatilie nini? – Mjumbe, Nachingwea

Swali lako ndilo lililoisukuma Marekani kutunga sheria mwaka 1977, inayomtaka mchimbaji wa makaa ya juu ya ardhi aweke dhamana ya fedha kabla ya kuchimba, na kuirudishiwa kwa awamu kadiri ardhi inavyothibitika kupona. Kwetu nako mchimbaji hutakiwa kuwa na mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya ukarabati wa mazingira, chini ya Sheria ya Madini ya 2010 na kanuni zake, na Tume ya Madini ndiyo msimamizi. Tathmini ya athari kwa mazingira husimamiwa na NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, chini ya sheria ya mwaka 2004. Kibali cha kutiririsha maji hutolewa na bodi ya maji ya bonde husika, ambayo kwa upande wenu ni ile ya Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara.

Ombeni kuona mambo mawili kwa maandishi: kiasi cha dhamana, na kama kinapandishwa kadiri shimo linavyopanuka, maana dhamana iliyokadiriwa kwa shimo la mwaka wa kwanza haitoshi shimo la mwaka wa kumi. Kisha fanyeni ninyi wenyewe jambo ambalo haliwezi kufanywa baadaye. Kabla mashine hazijafika, maji ya visima na vijito vya kijiji yapimwe maabara, mara moja Oktoba visima vikiwa vimepungua na mara moja mvua zinapoanza. Kina cha maji ya kila kisima kiandikwe siku hiyo hiyo, mjumbe mmoja wa kijiji ashuhudie uchukuaji wa sampuli, na nakala ya majibu yenye mhuri ikae ofisini kwenu, si katika faili la mgodi peke yake.